Mbwa Asizidi Benchi

Benchi la kibarazani kwa Soli lina mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo kumewekwa kisigino cha kiatu cha mtu ambaye hakurudi kukichukua. Hapo ndipo dunia hunyooshwa kila alasiri. Soli mwenyewe, fundi viatu, hakai benchini. Hukaa kwenye kigoda mlangoni pake, sindano mkononi, masikio nje. Benchini huwa watatu: Mizani wa buchani, anayejua uzito wa kila kitu isipokuwa wa maneno yake, Futi fundi cherehani, ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akienda msibani, na Digrii, aliyeanza muhula mmoja chuoni na hajaumaliza hadi leo. Pembeni hukaa Bi Kikombe na birika lake la kahawa, na ukitaka kusema ukweli, wakati wa mabishano ndiye pekee anayefanya kazi. Siku hiyo kulikuwa na mtu wa sita, naye alikuwa amejikunja ndani ya boksi kubwa la viatu chini ya meza ya Soli: mtoto wa mbwa, mweupe, mwenye doa jeusi jichoni. Jina lake Kiraka.

Kesi ilikuwa juu yake. Mwenye nyumba, mama mmoja asiyerudia neno, alipomwona Kiraka mara ya kwanza alisimama mbali, akamwelekezea mwavuli, akatoa hukumu: "Atakaa, lakini asizidi benchi. Siku nikiona mgongo wake umepita benchi, ahame." Na leo alikuwa anakuja. Alikuwa na viatu vyake vyeusi kwa Soli, na alituma ujumbe kwamba atavipitia alasiri mwenyewe.

Soli hakulala vizuri. Tangu binti yake aolewe, alikuwa akifungua chumba chake cha nyuma jioni anapokelewa na harufu ya gundi. Sasa anapokelewa na mkia. Si jambo kubwa kwa mtu ambaye nyumbani kwake kumejaa watu, lakini kwa Soli lilikuwa kubwa kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya benchi.

— Mlete tumwone, alisema Mizani. Huwezi kusikiliza kesi mshtakiwa yuko boksini.

Soli akamtoa. Kiraka akapiga mwayo, akanusa miguu yote iliyokuwepo, kisha akakaa juu ya kandambili ya Digrii. Mizani akamnyanyua kwa mkono mmoja, akafumba macho.

— Kilo tatu na robo.

— Kwa mkono huo? alidakia Futi. Mkono wako tangu lini ukasema kweli? Juzi nimenunua nusu kilo kwako, nimefika nyumbani mke wangu akauliza kama nyingine nimeila njiani.

— Nyama husinyaa, Futi. Ikimwona mteja ana papara, inasinyaa. Ndiyo maana wahenga wakasema haraka haraka haina baraka.

— Walisema hivyo kuhusu bucha?

— Walikuwa wanakula nini, karatasi?

Mizani akapitisha kidole ubavuni mwa Kiraka, akahesabu kimyakimya.

— Mbavu zote naziona. Safi kabisa. Nyama isiyo na mafuta siku hizi ndiyo wateja wanayoigombania.

— Huyu hauzwi! alisema Soli, sindano ikamchoma.

— Kaka, tulia. Naongea kitaalamu. Mimi mnyama namjua kuanzia ndani.

— Hao unaowajua walishakufa, alisema Bi Kikombe, bila kuinua macho kwenye vikombe.

Futi akavua utepe shingoni. Alikuwa akiusubiri wakati huu tangu kikombe cha kwanza.

— Uzito hausemi kitu. Mtu anaweza kuwa mzito na suruali ikamtosha. Tazameni hapa. — Akamfinya Kiraka ngozi ya shingo, ikavutika, ikabaki imesimama mkononi mwake. — Mnaiona hii? Hii imezidi. Kwa nini imezidi?

— Kwa nini?

— Pindo! Mtoto wa shule ukimshonea suruali unamwachia pindo, akirefuka unalifumua, maisha yanaendelea. Muumba naye ni fundi. Huyu ameachiwa pindo la vidole vinne shingoni. Vidole vinne, mara miguu minne.

— Kumi na sita, alisema Digrii haraka, mtu asije akamtangulia.

— Umeona? Kumi na sita. Ndio urefu wake akimaliza kukua.

— Kumi na sita nini? aliuliza Soli.

Futi akamtazama kama mteja anayeuliza suruali itakuwa tayari lini.

— Inchi. Au vidole. Inategemea atakavyoogeshwa; kuna vitambaa vinanywea vikiguswa na maji.

Akaenda kulipima benchi. Upande wa mguu mzima lilikuwa na inchi kumi na saba, upande wa mguu mfupi kumi na tano na nusu, kisigino kikiwemo. Ikaamuliwa kwamba Kiraka, akishakua, afundishwe kusimama upande wa kulia tu. Samaki mkunje angali mbichi, alisema Mizani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali ikakaribia mahali pake.

Soli akapumua. Lakini Digrii alikuwa bado hajaongea, na Digrii akikaa kimya ujue anapanga maneno marefu.

— Ndugu zangu, alianza, mnahangaika na shingo, mnahangaika na mbavu. Jengo halipimwi kwa bati. Jengo linapimwa kwa msingi. Dalili ya mvua ni mawingu, dalili ya mbwa ni nyayo. Inua mguu huo.

Soli, aliyeishi na miguu ya watu maisha yake yote, hakutaka kuutazama. Anajua mtoto aliyeanza mapema kuvaa viatu vya kaka yake anaishia kuwa mrefu kiasi gani. Akauinua mguu wa Kiraka hata hivyo. Ulijaa kiganjani.

— Hili ni ghorofa, alisema Digrii kwa huzuni ya daktari.

— Mama yake mlimwona? aliuliza Bi Kikombe.

Watu wanne wakageuka.

— Bi Kikombe, hapa tuko kwenye sayansi.

— Nimesikia. Mama yake alikuwa mkubwa au mdogo? Mimi wanangu wote warefu kwa sababu baba yao alikuwa akiinama mlangoni. Sikuwapima pindo.

— Swali zuri, lakini halina mahali pa kukaa, alisema Digrii. Soli, mama yake yuko wapi?

Soli akakuna kichwa kwa mpini wa nyundo.

— Mama simjui. Mteja aliniletea jozi ya mabuti. Moja limechanika, la pili lina mbwa. Akasema atapita jioni.

— Akapita?

— Bado.

Digrii akapiga paja.

— Mabuti! Mmeona? Baba yake ni mwanajeshi!

— Mwenye mabuti au mbwa?

— Wote. Mbwa wa jeshi hazai nje ya kambi, na mtoto wake hawezi kukaa kwenye kandambili, anatafuta buti. Damu inaita. Hao mbwa nimewasoma, wakisimama wanafika hapa. — Akajiwekea mkono kifuani, akafikiri, akaupandisha begani. — Na huyu si anatafuna viatu?

Soli alikubali kwa kichwa. Wiki hiyo Kiraka alikuwa amemaliza visigino viwili, ulimi wa kiatu na nusu ya soli ya kiatu cha mwalimu mkuu.

— Mazoezi hayo, alisema Digrii. Anazoea ngozi, ili kesho akimshika mwizi asishangae.

— Au meno yanamwasha, alisema Futi.

— Au anaona ni chakula tu, alisema Mizani. Ngozi si ni nyama iliyostaafu?

Wakacheka, vikombe vikacheza. Soli naye alicheka, kwa kuchelewa, halafu akainamia kiatu ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Kulikuwa na jambo alilowaficha. Mwezi uliopita, hapohapo, Digrii alimpa ushauri wa bure: mbwa hukua kwa kula, kwa hiyo ukimpa nusu atakua nusu. Soli aliusikia, akaushika. Asubuhi nusu ya mkate, jioni nusu ya ile nusu. Kiraka hulamba bakuli tupu la bati kwa bidii mpaka bakuli linaanza kutembea, linavuka chumba, linagonga ukuta, naye analifuata. Soli hugeuka upande wa pili asione. "Vumilia, baba," humwambia. "Tunalinda nyumba." Roho humuuma, halafu hujikumbusha kwamba ushauri umetoka kwa mtu aliyefika chuoni.

Digrii ni kama alimsikia.

— Bahati yenu mimi niliona mbali. Nilimwambia Soli, mpe nusu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Methali hiyo haikusema hivyo, alisema Bi Kikombe.

— Methali ni kama suruali, dada. Anayeivaa ndiye anayejua inapobana.

— Hapo kweli, alisema Futi.

— Na mbona basi mgongo umefika hapa? Soli aliuliza, sauti ikamtoka kwa juu. Akamsimamisha Kiraka ubavuni mwa benchi. Upande wa kulia mgongo ulikuwa bado chini kidogo. Upande wa kushoto, palipokuwa na kisigino, ulikuwa umebakiza nafasi ya kupitisha kidole. — Nusu nampa. Sasa hivi mama anafika. Huyu akiamua kunyoosha miguu tu, tumekwisha!

Benchi lote likamtazama Kiraka. Walimpenda yule mbwa, kila mmoja kwa siri yake. Futi alishamshonea kijigodoro cha vipande vya vitambaa na kusema ni mto wa cherehani.

— Tatizo si mbwa, alisema Digrii polepole.

— Ni nini?

— Mbwa anafuata maumbile, hana kosa. Tatizo ni benchi. Agizo linasema mbwa asizidi benchi. Je, lilisema benchi lisiongezeke?

Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka mama kusema hivyo.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Mizani, akiwa ameshasimama. Na nyuma ya bucha yangu kuna matofali.

Wakabeba. Tofali moja kila mguu, na la mguu mfupi likawekwa na kisigino chake, kwa heshima. Futi akapima, akasema bado, kwa sababu ya pindo. Wakaongeza la pili. Digrii akataka la tatu, la akiba, kwa ajili ya baba yake mwanajeshi. Walipomaliza, benchi lilikuwa limepanda mpaka kiunoni mwa mtu, na Kiraka alipita chini yake akiwa ameinua mkia bila kugusa kitu. Soli akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kukaa ndiyo ilikuwa shughuli. Mizani alipanda kwa kigoda cha Soli, akamvuta Futi kwa mkono na Digrii kwa kola. Wakakaa watatu, miguu ikining'inia kama nguo kwenye kamba.

— Bi Kikombe, kahawa.

— Anayetaka ashuke. Mimi birika nalibeba, ngazi sina.

— Dada, ukishuka hapa kupanda tena ni safari.

— Basi kaeni hukohuko na kiu yenu, mnalinda mbwa.

Mwavuli ukatokea kwenye kona. Nyuma ya mwavuli alikuwa mama mwenye nyumba, na miguuni alikuwa na ndala, maana viatu vyake vilikuwa kwa Soli.

— Shikamoo mama! Sauti tatu zilishuka kutoka juu.

— Marahaba. — Akasimama, akatazama miguu sita inayoning'inia, akapandisha macho taratibu mpaka kwenye nyuso. — Naona benchi limekua.



— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Digrii.

— Mimi si mgeni. Nyumba ni yangu. Huyo mbwa yuko wapi?

Soli akamtoa Kiraka chini ya benchi, akamsimamisha. Mama akasogea hatua moja, akasita. Hapo Soli akaona kitu ambacho hakukiona siku ile ya kwanza: mwavuli ulikuwa unatetemeka. Mama alikuwa anamwogopa.

Benchi likaona ni wakati wa kutoa ushahidi. Wakaanza wote kwa pamoja.

— Mama, kilo ni tatu na robo, hazijazidi, nimempima mwenyewe...

— Pindo lake ni vidole vinne tu, mama, hapo hakuna cha kutisha...

— Kinadharia, mama, baba yake alikuwa jeshini, lakini chakula kimedhibitiwa, kwa hiyo ukuaji...

— Nyamazeni, alisema mama.

Akampa Soli mwavuli. Akachutama, akaunyoosha mkono kwa woga, taratibu, kama anayejaribu pasi kama ina moto, akauweka mgongoni mwa Kiraka. Kiraka akautikisa mkia. Mkono ukashuka ubavuni, ukapita juu ya mbavu, moja baada ya moja, ukasimama. Mama akamtazama kwa juu, pale kiunoni palipoingia ndani mno, akamtazama na machoni. Halafu akauliza, bila ukali:

— Leo amekula nini?

Mizani akamtazama Futi. Futi akautazama utepe wake, mbele na nyuma, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa baina ya namba. Digrii akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu atoke chuoni, akaufunga. Walikuwa wamekaa na yule mbwa tangu saa nane, wamemnyanyua, wamemfinya, wamemhesabu mbavu, wamemtafutia baba jeshini. Soli jibu alikuwa nalo, na ndiyo sababu hakuweza kulitoa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka miguuni, na alitamani mama angeuliza kitu kingine chochote, hata habari ya kuhama.

Kiraka akaona watu wazima wamekwama. Akaingia dukani. Wakasikia boksi likianguka. Akarudi akiburuta kiatu cheusi cha kike, kimeng'arishwa vizuri, kisigino hakipo na ngozi ya mbele imeliwa mpaka kwenye kitambaa. Akakiweka mbele ya ndala za mama, akakaa, akaramba midomo.



Mama akakiokota. Akakigeuza. Akaingiza kidole tundu lilipokuwa.

— Nilimshonea jana, alisema Soli, kwa sauti ndogo. Nilikishona, namaanisha. Kilikuwa kizuri, mama. Nisamehe. Nampa nusu. Nusu ya mkate, ili asikue. Nilidhani namsaidia asifukuzwe.

— Nani alikwambia akila nusu ataacha kukua?

Soli aliinama kumfuta Kiraka midomo. Lakini macho ya kijiwe kizima yalipanda benchini, na Digrii akajaribu kushuka kwa heshima, akakumbuka kimo, akabaki.

— Watoto wangu nimewalea kipindi cha shida, alisema mama. Wakati mwingine tulikosa. Hakuna aliyebaki mfupi kwa kukosa. Walikonda tu, wakawa wakali, wakaiba sukari. Mfupa unakua wenyewe, Soli. Unachomnyima ni nyama na usingizi. — Akasimama, magoti yakalia. — Mimi nilisema asizidi benchi kwa sababu naogopa mbwa wakubwa. Niliumwa utotoni. Sikusema asishibe.

— Kwa hiyo atakaa? Soli aliuliza, na neno lilimtoka kama la mtoto.

— Mbwa mkubwa aliyeshiba huenda nikamzoea. Huyu mdogo mwenye njaa ndiye anayekula viatu vyangu. Wewe wa bucha!

— Naam, mama.

— Shuka ulete robo ya nyama laini. Na uipime kwenye mizani, si kwa mkono.

Mizani akaruka, akatua vibaya, akakimbia akichechemea. Futi akashuka kwa tumbo. Digrii, aliyebaki peke yake upande wenye kisigino, aliliona benchi likianza kuegemea, akasema, "Jamani, kuna suala la kitaalamu hapa," nalo likamweka chini salama kabla halijalala. Matofali yakatawanyika kibarazani. Bi Kikombe akainua birika juu kwa wakati, akalimimina kwenye kikombe kimoja cha mwisho, akampa mama. Wengine wakaambiwa imekwisha.

Robo ilipofika ilikuwa robo kamili, jambo ambalo Futi alilipima kwa macho mara mbili kabla hajaamini. Soli akaikatakata kwa kisu chake cha ngozi baada ya kukiosha, akachanganya na mkate mzima, akamimina maji kidogo ya uvuguvugu, akajaza bakuli. Akaliweka sakafuni karibu na mlango. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Soli, kiatu kilicholiwa mapajani, kahawa mkononi, akitazama kwa umbali wake uleule. Wanaume watatu walisimama wamekunja mikono, bila benchi.

Kiraka akaingiza kichwa chote ndani. Soli alisubiri ile sauti ya bati likiburuzwa kwenye saruji kuelekea ukutani. Alisubiri mpaka macho yakamwuma. Bakuli halikusogea.